Kupanda miche ya mikoko au kuyarudishia maji njia yake: ulinganisho kwa vikundi vya pwani

Kikundi cha wavuvi au cha kina mama kinapokabidhiwa kipande cha pwani ambacho mikoko yake imekufa, swali la kwanza kwenye kikao karibu kila mara huwa hili: miche tutaipata wapi? Naomba kikao kirudi nyuma kidogo, kwa sababu swali hilo limekwisha kuchagua njia kabla njia zenyewe hazijalinganishwa. Msitu wa mikoko ulioharibiwa na uchafuzi au ujenzi unaweza kurudishwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupanda kwa mkono, mbegu baada ya mbegu au mche baada ya mche. Ya pili ni kurekebisha maji na usawa wa ardhi, yaani kufungua mkondo uliozibwa, kubomoa ukuta wa bwawa la chumvi lililoachwa, au kuondoa mchanga uliofunika mizizi, kisha kuiachia bahari ilete mbegu yenyewe. Ipo pia njia ya tatu, ya kulinda mikoko ambayo bado imesimama, nayo nitaieleza baadaye kwa sababu wengi hawaihesabu kuwa ni kazi.

Nasema mapema upande ninaouegemea. Kwa maeneo mengi ya pwani yetu, maji yanastahili kushughulikiwa kwanza na miche ifuate, tena pale tu inapohitajika. Lakini hukumu hiyo haifai kila mahali, na msomaji mwenye kipande chake mkononi anastahili kuona sababu za pande zote mbili.

Kwanza, mikoko ilikufa kwa nini?

Njia haiwezi kuchaguliwa bila jibu la swali hili, na majibu yake ni tofauti hata ndani ya mji mmoja. Chukua Mombasa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Kipevu, mafuta yakatiririka hadi hori la Makupa, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Mchu, ambao ni mmoja wa mikoko inayopatikana kwa wingi, hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa wima. Mafuta yakivifunika mti unakosa hewa, na yale yaliyozama kwenye tope hubaki humo, yakiua miche mipya inayojaribu kuota miaka mingi baada ya watu kusahau ajali yenyewe. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika tena bandarini, safari hii upande wa Port Reitz.

Hori la Mwache, lililo jirani, halikuuawa na mafuta. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibeba udongo kutoka bara, ukashuka na mto na kufunika mizizi, na mikoko ikafa kwa wingi ikiwa imesimama. Hakuna aliyeshika shoka hapo. Kosa lilikuwa huko juu, kwenye mashamba ya miteremko yasiyo na makinga maji. Hori la Tudor nalo limebeba maji taka ya jiji na ukataji wa kuni na boriti kwa pamoja, likapoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake kati ya mwaka 1992 na 2009. Ukienda kaskazini ya Malindi, Gongoni na Ngomeni, utakuta mikoko iliyofyekwa ili kupisha mabwawa ya chumvi, na kuta za mabwawa hayo zikazuia maji hata kwa miti iliyobaki nyuma yake. Kwenye delta ya Rufiji nchini Tanzania, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, ambao ni takriban hekta 50,000, sehemu ya kaskazini imefyekwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga.

Hizo ni sababu tano, na kila moja ina dawa yake. Mche uliopandwa kwenye tope lenye mafuta utakufa jinsi ulivyokufa mti uliokuwapo, na mche uliopandwa nyuma ya ukuta wa chumvi utakauka hata ukipandwa na mikono yenye upendo namna gani.

Jambo moja linaziunganisha sababu hizi zote. Mkoko ni mti unaoishi kwa kipimo cha maji. Mtaalamu Robin Lewis wa Florida, aliyefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, alifundisha kwamba mahali pazuri pa mikoko hufunikwa na maji ya chumvi takriban asilimia 30 ya wakati, na hubaki wazi takriban asilimia 70. Ardhi ikiwa chini mno, mche unazama na kukosa hewa. Ikiwa juu mno, chumvi inajikusanya juu ya udongo kwa jua hadi hakuna kinachoota isipokuwa vichaka vichache vya chumvi. Tofauti kati ya mahali pa kuishi na mahali pa kufa huwa mara nyingi urefu wa kiganja.

Njia ya kupanda

Kupanda kuna mvuto wake wa haki, na mvuto huo unaanzia kwenye mbegu. Mbegu ya mkoko wenyewe, yaani ile aina moja inayobeba jina la mikoko yote, huanza kuota ingali juu ya mti. Inaning'inia ikirefuka, ya kijani, nyembamba kama kalamu lakini ndefu zaidi ya futi moja, mpaka ukosi wake unapogeuka rangi ya manjano. Hapo imeiva. Ukiigusa inakuachia, ukiichomeka kwenye tope theluthi moja ya urefu wake inasimama, na baada ya wiki chache majani mawili yanafunguka kileleni. Hakuna mti mwingine unaompa mtoto wa shule ushindi wa haraka namna hiyo. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hekta moja inachukua mbegu 10,000, kazi ambayo watu mia moja wanaweza kuifanya maji yakiwa yamekupwa, wakaondoka kabla hayajajaa.

Tena kupanda kukifanywa mahali panapofaa kunafanikiwa kweli. Ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa katika kaunti ya Kwale, ndiyo ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote. Majaribio ya kupanda yalianza huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakiongozwa na mwanasayansi James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya, kwenye sehemu zilizokuwa zimekatwa hadi zikabaki tupu. Shamba la mkoko lililopandwa huko, lilipofikisha umri wa miaka 12, lilikuwa na mashina zaidi ya 5,000 kwa hekta na zaidi ya tani 100 za mbao, matawi na majani juu ya ardhi katika hekta hiyo. Kaa walirudi. Chini ya kivuli cha miti iliyopandwa, miche ya aina nyingine iliyoletwa na maji ikaanza kuota bila kupandwa na mtu. Anayesema kwamba kupanda hakufai hajafika Gazi.

Lakini Gazi palikuwa pamekatwa tu. Maji yalikuwa yanaingia na kutoka kama zamani, na tope lilikuwa safi. Hali hiyo ikikosekana, hadithi inageuka. Watafiti waliokagua maeneo 23 ya upandaji nchini Sri Lanka walikuta maeneo tisa hayana hata mche mmoja uliobaki hai, na katika zaidi ya hekta elfu moja zilizopandwa, ni kama sehemu moja ya tano tu iliyofaulu. Ufilipino nayo imetumia fedha nyingi kwa miongo mingi, na katika maeneo mengi miche iliyobaki hai haikuzidi moja au miwili kwa kila kumi. Sababu inayorudiwa ni ileile: ardhi yenye usawa mzuri ilikuwa imekwisha kuwa mabwawa ya samaki yenye wenyewe, hivyo miche ikapandwa mbele zaidi, kwenye tope la wazi na juu ya nyasi bahari, mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota tangu dunia iumbwe.

Kosa hili linanihuzunisha kwa namna ya pekee, kwa sababu linaharibu makazi mawili kwa pamoja. Nyasi bahari ni malisho ya kasa na ya nguva, na ni kitalu cha tafi na changu. Ukiwachomekea mkoko hapo unawaondolea malisho, na mkoko wenyewe haukui. Kwenye hori moja ya pwani ya kusini niliwahi kutembea juu ya safu ndefu za vijiti vilivyokauka, kila kimoja kikiwa bado kimesimama wima kwenye mchanga mweupe, kwa mstari ulionyooka vizuri kuliko mahindi shambani. Mvuvi niliyekuwa naye aliving'oa viwili akitafuta nafasi ya kutia nanga ya ngalawa yake, akaniambia kwamba mahali hapo baba yake alikuwa akichokoa chaza. Walioipanda miche hiyo walikuwa wamekwisha kuandika ripoti.

Hitilafu nyingine ya kupanda ni ya uchaguzi wa aina. Kwa kuwa mbegu ya mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka, hupandwa yenyewe peke yake, hata pasipo pake. Msitu wa asili una mpango wake: mlilana hukaa mbele kabisa, miguuni mwa bahari, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu mshinzi, ambao wengine huuita muia, na mkandaa, mchu una uvumilivu kuliko wote na huonekana mbele na nyuma, mkomafi na kikandaa huegemea nchi kavu. Majina hubadilika kutoka Lamu hadi Kilwa, lakini mpangilio haubadiliki. Mbegu za mlilana ni ndogo mno, zinahitaji kitalu, viriba na miezi ya kumwagilia, kwa hiyo huachwa. Matokeo yake ni shamba la aina moja, ambalo mdudu mmoja au dhoruba moja inaweza kulimaliza.

Njia ya kuyafungulia maji

Njia hii inaanza kwa kutopanda kitu. Inamtaka mtu asimame kwenye kipande chake wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakiwa yamejaa kabisa, atazame yanapoingilia na yanapokwamia, kisha arudi maji yakipwa atazame yanapotokea na yanapobaki yametuama. Wavuvi wanajua mambo haya bila kuyasoma. Mzee anayeweza kuonyesha kwa kidole mkondo uliokuwa ukipitisha mtumbwi kabla ya barabara kujengwa ana thamani kubwa kwa kazi hii kuliko lori la miche.

Kipimo chake muhimu hakihitaji mashine ya bei. Fundi mwashi hupima usawa wa msingi kwa mpira mwembamba unaoonekana ndani, uliojazwa maji. Maji katika ncha zote mbili husimama kwenye urefu mmoja. Mpira huohuo unaweza kutumika msituni. Ncha moja inashikwa kwenye fimbo iliyochomekwa chini ya mikoko yenye afya iliyo karibu, na ncha ya pili kwenye fimbo iliyo mahali palipokufa. Tofauti ya alama mbili hizo inaeleza kama ardhi iliyokufa imepanda juu kwa mchanga, au imedidimia baada ya mizizi kuoza. Ukipima sehemu kumi kwa namna hiyo na kuziandika, una ramani ambayo mhandisi anaweza kuifanyia kazi.

Kinachofuata kinategemea kipimo. Penye ukuta, unafunguliwa penye mkondo wa zamani, na mara nyingi mianya miwili au mitatu inatosha bila kubomoa ukuta wote. Penye barabara iliyokatiza hori, yanawekwa makaravati au daraja. Mfano mkubwa wa aina hii tunao Mombasa: tuta la Makupa lililojengwa wakati wa ukoloni lilitenganisha maji ya Tudor na ya Port Reitz kwa karibu karne moja, na daraja lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa ili, pamoja na kupitisha magari, maji ya pande mbili yakutane tena. Sidai kwamba daraja moja litarudisha mikoko yote ya mahori yale, hasa wakati maji taka yangali yanaingia, lakini pasipo maji kupita hakuna hatua nyingine ambayo ingekuwa na maana.

Maji yakirudi, mbegu huja nayo. Kwenye eneo la West Lake huko Florida, mamia ya hekta yalirekebishwa kwa kuondoa udongo uliomwagwa na kuchimba upya njia za maji, na mikoko ikaota yenyewe bila kupandwa. Faida ya njia hii ambayo kupanda hakuifikii ni kwamba kila aina inajichagulia mahali pake. Mchu unakwama unapopenda, mkandaa unakwama unapopenda, na baada ya miaka kadhaa unapata msitu wenye ngazi zake badala ya shamba lenye safu. Kaa, kamba na tondo hurudi mapema kwa sababu maji yanayoleta mbegu ndiyo yanayowaleta wao.

Udhaifu wake nao si mdogo, na hauna budi kusemwa wazi. Mbegu haziji zikitoka mbali. Lazima pawepo mikoko mizazi hai ambayo maji yake yanafika hapo. Msimu wa mbegu nao una wakati wake, na mkondo uliofunguliwa baada ya msimu unasubiri mwaka mzima. Kuchimba bila kupima kunaweza kuikausha sehemu ambayo ilikuwa na nafuu, au kufungua mmomonyoko usiozuilika. Vibali ni vigumu zaidi kuliko vya kupanda: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932 na iko chini ya Huduma ya Misitu, ya Tanzania Bara iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, Zanzibar ina idara yake, na kuchimba pwani kunaweza kudai tathmini ya athari kwa mazingira. Kisha kuna suala la nani mwenye bwawa la chumvi lililoachwa. Mara nyingi lina hati, na mwenye hati anaishi mbali, hakubali na hakatai. Nimeona kazi nzuri ikisimama miaka kwa sababu hiyo tu.

Tofauti katika mambo yanayoamua

Kwa upande wa fedha, kupanda kunaonekana rahisi kwa sababu gharama yake inagawanyika kidogo kidogo: viriba, posho, usafiri, chakula cha siku. Kufungua maji kunataka fedha nyingi mwanzoni, za kupima na kuchimba, kisha kidogo baadaye. Lakini hesabu ya kweli si ya mche uliopandwa bali ya mti ulio hai baada ya miaka mitano, na kwa hesabu hiyo shamba lililorudiwa kupandwa mara nne ni ghali kuliko mfereji mmoja uliochimbwa kwa uangalifu. Ndiyo maana kikundi kinapoletewa ahadi ya idadi ya miche, ningekishauri kiombe mkataba utaje idadi ya miti hai na mwaka wa kuihesabu. Mfadhili mwenye nia njema hatakataa.

Kwa upande wa kipato, kupanda kuna faida ambayo si haki kuipuuza. Kitalu kinawapa kina mama na vijana kazi ya miezi mingi, na wengine wameanzisha biashara ya kuuza miche. Kazi ya kuchimba mkondo ni ya siku chache, na ikifanywa kwa mashine fedha zinakwenda kwa mwenye mashine. Hata hivyo mifereji midogo inaweza kuchimbwa kwa sepetu na watu wa kijiji wenyewe, na ufuatiliaji wake, yaani kupima maji, kuhesabu miche inayoota na kuondoa takataka zinazoziba mianya, unaweza kulipwa kama kazi ya kudumu. Bajeti nyingi husahau kipengele hiki, na kikundi kina haki ya kukidai.

Kwa upande wa wakati, kupanda kunaonyesha kitu siku hiyohiyo. Kufungua maji hakuonyeshi kitu kwa msimu mzima isipokuwa tope lililolowa. Viongozi na wafadhili wengi hawavumilii kipindi hicho, na mara nyingine wanakijiji wenyewe huona wamedanganywa. Dawa niliyoiona ikifaa ni kuchagua vipande vichache vya mita tano kwa mita tano, kuvipigia vigingi, na kuhesabu kila baada ya miezi mitatu, wakati wa bamvua, ni mimea mingapi imeota ndani yake. Namba ikitoka sifuri hadi saba, kisha hadi thelathini, watu wanaona kwa macho yao kinachoendelea.

Kuhusu uchafuzi, njia zote mbili ni dhaifu, na hapa sioni sababu ya kupendelea yoyote. Mafuta yaliyomo kwenye tope, au maji taka yanayoingia kila siku, hayaondolewi na mche wala na mfereji. Kuongeza mzunguko wa maji kunasaidia kusafisha, ila kunaweza pia kusambaza uchafu hadi kwenye sehemu iliyokuwa nzima, kwa hiyo chanzo kifungwe kwanza. Kikundi kidogo hakiwezi kufunga bomba la jiji, lakini kinaweza kuandika tarehe, saa na mahali maji yanapobadilika rangi, kupiga picha, na kupeleka kumbukumbu hizo kwa mamlaka ya mazingira, NEMA kwa Kenya na NEMC kwa Tanzania. Malalamiko yenye kumbukumbu za mwaka mzima yana uzito ambao mche hauna.

Mahali gani, njia gani

Ikiwa mikoko ilikatwa tu, maji yanaingia na kutoka, tope ni safi, na mikoko mizazi iko karibu, jambo la kwanza ni kutofanya kitu isipokuwa kuzuia ukataji na kuangalia kwa msimu mmoja au miwili kama miche inaota yenyewe. Ikiota, fedha za kupanda zitumike kwingine. Isipoota kwa sababu mbegu hazifiki, au kwa sababu visiki na takataka nyingi vinazizuia, panda, na upande kwa aina inayopaswa kuwa pale. Hali ya Gazi ilikuwa karibu na hii.

Ikiwa kuna ukuta, tuta au barabara iliyoziba, fungua maji na usipande mche hata mmoja mpaka uone maji ya bamvua yakifika na kuondoka. Hapa sina shaka yoyote. Mabwawa ya chumvi yaliyoachwa na majaruba ya mpunga yaliyotelekezwa yako katika kundi hili, ingawa Rufiji ina ugumu wake, kwa sababu jaruba lililotelekezwa leo linaweza kulimwa tena mto ukirudi upande huo, na mkulima aliyelifyeka alikuwa akitafuta chakula cha wanawe. Huwezi kuirudishia bahari shamba lake bila kuzungumza naye kwanza ataulima wapi mpunga wake.

Ikiwa udongo kutoka bara umefunika mizizi kama Mwache, kazi iko pande mbili: kuangalia kama usawa mpya wa ardhi bado unafikiwa na maji, pengine sasa na aina za nyuma kama mkandaa badala ya mlilana, na kwenda kwa wakulima wa juu ya mto kuhusu makinga maji na miti ya kingo. Kupanda upya bila safari hiyo ya juu ya mto ni kusubiri El Niño nyingine.

Ikiwa mahali pamegeuzwa kabisa, hakuna udongo wala mbegu wala maji ya zamani, basi kupanda hakukwepeki, na kunataka subira ya mwanasayansi. Nje kidogo ya mikoko tunao mfano mzuri. Machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, yalikuwa jangwa jeupe wakati mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kazi ya kuyarudishia uhai mwaka 1971. Alijaribu aina 26 za miti, na tatu tu zilistahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata huo ulidondosha majani ambayo hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Alichofanya tangu mwanzo ni kuuliza kila mahali panakosa nini, na mti ukawa jibu la sehemu moja tu ya swali hilo.

Ile njia ya tatu

Kijijini Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, unasimamia hekta 117, na sehemu kubwa sana ya hekta hizo ni msitu wa asili uliosimama tangu zamani. Sehemu iliyopandwa ni ndogo. Fedha zinazonunua vitabu vya shule na kufikisha maji kijijini zinatokana hasa na miti ambayo haikukatwa na tope ambalo halikufukuliwa, maana kaboni nyingi ya mikoko imehifadhiwa chini, kwenye udongo uliojikusanya kwa karne nyingi, na msitu mpya wa miaka kumi haujafika huko. Mradi wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, ulioanza mwaka 2019 kwenye hekta zipatazo 460 katika vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, umefuata mfano huohuo.

Kwa hiyo kikundi chenye fedha kidogo na kipande cha mikoko hai kilicho hatarini, karibu na kipande kilichokufa, kinaweza kuwa kinatazama kipande kisicho sahihi. Kulinda nako si kuweka mlinzi na kufukuza watu. Mji unahitaji boriti za kujengea na kuni za kupikia, na miti hiyo itatoka mahali fulani. Watu wa Gazi walipanda mvinje nchi kavu ili boriti zisitoke baharini, na bila hatua ya namna hiyo ukataji unahamia tu hori la pili. Marufuku ya serikali peke yake tumeyaona mara kadhaa, yakitangazwa na kulegezwa, na wakataji halali wa Lamu ambao boriti ndiyo kazi yao ya tangu babu zao, walioupakia mti huu majahazini kwenda Arabuni kwa vizazi vingi, wameumizwa nayo kuliko wezi wa usiku.

Kikundi kitakachoamua wiki hii kinaweza kuanza na mambo matatu yasiyo na gharama: kutembea na wazee wawili wakati wa bamvua inayokuja, kuazima mpira wa maji kwa fundi mwashi, na kuhesabu miche iliyoota yenyewe katika kipande kimoja cha mita tano kwa tano. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe ya mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa bamvua hufuata mwezi, ili atakayepima mwakani apime maji ya urefu uleule.